Fulani

Reinis, mjukuu wangu, kaegemea mlango,
mkate wa rai mdomoni, viatu vingali na theluji.
Kaniona nikipekua.
"Babu, huo si wizi?"

Kwenye kioo michezo milioni tatu ya sataranji
imelala kama majina katika daftari la viwanja.
Nilipima ardhi miaka thelathini na minne, Liepāja na vijiji vyake;
najua tofauti ya kuuliza mpaka uko wapi
na kuusogeza usiku.

Si wizi, nikamwambia. Tulikubaliana tangu mwanzo:
vitabu ruksa, hifadhidata ruksa,
kutazama waliotangulia walipita wapi, ruksa.
Mashine inayofikiri, hapana.
Ile iliyo pale pale, kitufe cha pembeni,
inayojua jibu kabla sijavaa miwani.
Hii hukuonyesha nyayo.
Ile hukubeba mgongoni,
ukifika ukasema umetembea.

"Na huyo mwenzako? Utajuaje kwamba hatumii?"

Sijui.
Ndilo jibu lote nililokuwa nalo,
na chai ikapoa juu yake.

Mwenzangu ni Remigia Oyarzo, wa Ancud,
kisiwani, kusini kabisa mwa Chile,
ambako huku tukikwangua barafu kwao ni kiangazi
na mvua inanyesha vilevile.
Siku tatu kwa kila hatua.
Chini ya hatua huandika neno, si zaidi ya mstari:
Mvua.
Vitunguu saumu mwaka huu vikubwa kama ngumi.
Nami humjibu kwa Kihispania cha kamusi:
Upepo. Tramu imekwama.

Hatua ya tisa: michezo elfu sita imepita hapa.
Ya kumi na mbili: mia mbili na kumi.
Ya kumi na nne: saba, na katika hiyo saba
mitatu ni ya mtu yule yule, akishindwa vile vile.
Barabara ikawa njia, njia ikawa uchochoro,
na kwenye hatua ya kumi na sita
ukabaki mmoja.

Vidal dhidi ya Fulani. Puerto Montt, 1983.
Nyeupe kashinda, hatua ya kumi na tisa.

Nyeupe ni mimi. Nikashukuru, nikafuata.
Sikujiuliza kwa nini Fulani alisalimu amri
malkia wake angali mzima, ngome zake zimesimama.
Mpima ardhi gani huyo
anayeliamini jiwe moja?

Nikala askari, kama Vidal alivyokula.
Siku ya tatu, saa za mwisho, jibu likaja:
farasi mweusi, katikati ya askari wangu,
bure, aliwe anayetaka kumla.
Na chini yake maneno, marefu kuliko yote aliyowahi kuniandikia:

*Fulani ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Feri ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili jioni,
mama ananingoja ng'ambo na taa.
Nikasimamisha saa, nikampa Vidal mkono.
Farasi huyu nilikuwa nimeshamwona.
Nimekaa naye hadi leo.*

Hifadhidata haina safu ya feri.
Haina safu ya mama mwenye taa.
Ina moja, sifuri, na nusu.

Nikafungua nakala yangu, nikafuta Fulani,
nikaandika Oyarzo, R.
Nikamwita Reinis asimame karibu,
maana mpaka haurekebishwi bila shahidi.
Akasoma, akatafuna, akasema,
"Kwa hiyo unashindwa."

Pengine. Nina siku mbili na saa tisa.
Njia ya mwongo, wasema, ni fupi,
na kitufe kiko pale pale, pembeni.
Nimetoa ubao wa mbao kabatini.
Ngome moja nyeupe haipo, sijui ilipotelea wapi.
Mahali pake nimeweka kizibo cha chupa.